Upande wa Kushoto

Chupa ilikuwa na picha ya mwanamke anayecheka,
nywele zimelala kama pazia la hariri.
Maagizo yalisema dakika kumi na tano.
Mimi, Barke binti Shekuwe, nilikaa ishirini na tano,
kwa kuwa arusi ya Mwanaheri ilikuwa kesho yake
na nywele zangu, nilidhani, hazisikii.

Zilisikia.
Alhamisi nilicheza vugo nimezimwaga mabegani.
Jumatatu nikazikuta juu ya mto
zimelala bila mimi.

Nyuma ya sikio la kushoto pakabaki peupe,
upana wa kiganja cha mtoto,
pakiwasha, pakitoa maji.

Wiki tatu sikuvua mtandio hata chumbani.
Nje, Langoni yote, nani angejua?
Buibui ni sitara. Punda wapita, muuza mkate apita,
nami ni macho mawili kama wengine.
Kumbe nilizichoma kwa ajili ya nani?
Kwa usiku mmoja wa wanawake, milango imekomewa,
kila mmoja akimpima mwenziwe utosi kwa jicho.

Shangazi Somoe hakuuliza.
Aliufunua mtandio kama afunuaye chungu
kutazama wali,
akafunika, akatoka.
Akarudi na majani ya mkunazi kwenye pindo la leso,
nazi mbili,
na mkasi, aliouweka kwenye kidaka cha juu.

"Kaa hapo. Kitwa si sufuria, mwanangu,
husugui hata ukaona sura yako."

Majani aliyatwanga yakatoa povu la kijani,
harufu ya mti ulionyeshewa.
Akaniosha kwa maji ya mvua aliyoyakinga mwenyewe,
maana kisima chetu kina chumvi
na kidonda kina kumbukumbu.
Tui la kwanza, zito, akalichemsha
hadi mafuta yakajitenga na machicha yake,
kisha akakataa kunipaka.
"Ngozi ifunge kwanda.
Shamba likiwaka hupandi."

Chanuo la meno mapana, kuanzia nchani kwenda juu.
Miaka ishirini na tisa
nilikuwa nikianzia juu.

Kila mwezi mwandamo alinipima kwa uzi wenye mafundo.
Kulia: begani, na nusu fundo.
Kushoto: punje ya mtama. Kunde.
Kidole kisichofika kiungo cha pili.
Na zilizoota hazikuwa za kwenye chupa.
Zilijisokota, zile zile
alizozisuka mama mchana wa Ijumaa, ncha ya uzi mdomoni.
Nilisahau zilivyo. Ukizivuta
hurudi mbio, kama mtoto aliyetumwa dukani bila hela.

Nikachoka kuwa vichwa viwili.
"Nipe mkasi," nikamwambia,
"niupunguze upande huu uufikie ule."

Shangazi akafungua ushungi wake.
Sikuwahi kumwona.
Juu ya paji ngozi tupu inang'aa, na nywele zimerudi nyuma:
msuko wa kubana wa arusi yake,
kisha mwingine, kisha mazoea.
"Zako nyee," akasema, "zayuwa ndia ya kurudi."
Akafunga tena. Mkasi ulikuwa palepale, kidakani,
na mimi ni mrefu kuliko yeye.
Hata leo sijui alikuwa akinikataza
ama akiniachia.

Mfunguo Sita, arusi ya mdogo wake Mwanaheri.
Milango ikakomewa, mitandio ikashuka.
Kulia nilisuka mistari mitano, imelegea.
Kushoto nilipaka mafuta tu, nikapaacha palivyo.

Bi Nargisi, ambaye lazima aulize, aliuliza:
"Na huku je?"
Nikasema, "Kulia nimefika.
Kushoto niko njiani."

Akacheka hadi akashika ukuta.
Kisha akasogeza kiti, akanishusha sauti sikioni:
"Hayo majani. Mkunazi wa wapi?"
Na mkono wake, naapa,
ulikuwa umeshapanda chini ya kilemba chake cha zari,
unatafuta mahali.